Vigoda vya Goti Langu

Juzi nilikuwa natoka Geita na lori langu la mbao, nikapita juu ya daraja kama wanavyopita wote siku hizi. Hujakaa vizuri kwenye kiti umeshafika ng'ambo, na maji hujayaona. Nikamwambia dereva asimame upande wa Kigongo. Nikateremka kwa mguu mpaka pale pantoni ilipokuwa ikifunga zamani. Hapana kitu. Foleni imekufa, vibanda vimekufa, hata wale mbwa waliokuwa wakilala chini ya malori sijui walihamia wapi. Ila nyuma ya kibanda kimoja kilichobaki mama mmoja alikuwa anachemsha mafuta ya sangara kwenye sufuria kubwa, na ile harufu ikanishika kooni. Mtu mzima mimi, ninayeamkiwa na watu wenye mvi zao, nikasimama pale na viatu vyangu vya mjini, nikajikuta nashika goti langu.

Watu wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Ni ya miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa. Viwanda vya minofu vikaota Mwanza kama uyoga, ndege zikawa zinakuja kubeba samaki, nyama inakwenda Ulaya na sisi tunabakiwa na kichwa na mifupa, tukayaita mapanki, tukayala na tukashiba. Mitumba ikaja, sabuni za kila rangi zikaja. Kuna watu wanaikumbuka miaka ile kwa nyimbo za redioni. Mimi naikumbuka kwa mafuta ya sangara, kwa sababu baba yangu alikuwa akiyapaka vigoda vyake.

Baba alikuwa Mkerewe, alivuka kuja upande huu kwa ajili ya mama yangu, Msukuma, na hakurudi tena kisiwani. Kazi yake ilikuwa kuchonga. Sisemi seremala. Baba hakupata kupigilia msumari maisha yake yote, na mtu akimwita seremala haitiki. Kigoda chake kilitoka chote kwenye gogo moja la mninga: miguu mitatu, na kikalio kilichobonyea kidogo kama kiganja cha mtu anayepokea maji. Alianza na shoka, akaja na tezo, akamalizia na kisu. Pembeni alichoma mistari kwa chuma cha moto, na moshi wake mpaka leo nikiusikia njaa inaniuma, sijui kwa nini. Mwisho alipaka mafuta ya sangara, anapaka, anaanika, anapaka tena, mpaka mti unakunywa na kukataa.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye habari yenyewe. Baba hakuchonga kigoda bila mguu. Ukija kwake hakuulizi unataka kikubwa au kidogo. Anasema, "Leta goti." Unakaa juu ya gogo, anachukua bua la mtama, analisimamisha kutoka kisigino mpaka kwenye mkunjo wa goti, anavunja. Hilo ndilo kipimo chako. Kigoda kikiisha, bua linatupwa motoni. Ukirudi kutaka kingine unapimwa upya, hata kama ulikuja mwezi uliopita. "Mguu wa juzi si wa leo," alisema. Na hakuwa anawasema watoto tu. Alisema wazee nao wanashuka, na kigoda cha mtu aliyeshuka kikibaki kirefu kinamdhalilisha, miguu inaning'inia mbele ya wakwe.

Pale kwetu watu walimwita Fundi Magoti, naye alilipenda jina. Kigoda chake kilikuwa kama kiatu, huazimi. Ukikalia cha mwenzako utasikia, "Wewe, shuka kwenye goti la watu." Mtu akifa, kigoda chake kinalazwa ubavu mpaka matanga yaishe, na hakuna atakayekisimamisha kabla. Nimekulia katika hilo. Kwa akili yangu ya utoto, kigoda na mwenye kigoda walikuwa kitu kimoja, mmoja ana damu na mwingine hana.

Mimi nilikuwa na changu. Nilikikalia penye foleni ya pantoni, nikiuza karanga, baba akichonga pembeni yangu. Pantoni ikiharibika, na iliharibika sana, watu wanashinda pale siku nzima wanatafuta cha kutazama, na wakimaliza kututazama sisi wananunua.

Siku moja ya foleni kama hiyo akashuka kwenye pikapu kijana wa suruali ya kupigwa pasi, mnene kidogo, uso wa kucheka. Akamwamkia baba vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hiki anachokalia binti, unauza?"

Baba hakuinua kichwa. "Hicho kina mwenyewe."

"Na vile pale kwenye jua?"

"Vina wenyewe. Hawajaja kuchukua."

"Sasa wewe mzee unauza nini?"

"Leta goti."

Watu wa foleni wakacheka, kijana naye akacheka. Ndiyo maana sikuwahi kumchukia, hata baadaye: alikuwa anacheka anapochekwa. Akachuchumaa mbele ya baba, akasema, "Mzee wangu, mwenye goti yuko Ulaya. Mimi natumwa tu. Nazunguka na ziwa natafuta sampuli, nikipata kizuri nakipeleka, wakikipenda wanaagiza vingi." Neno sampuli alilisema mara nyingi mpaka kabla pantoni haijatengemaa watu walikuwa wameshampa jina, Bwana Sampuli.

Baba akanigeukia. Alinipa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo maisha yake yote aliniita Mama, na mambo yangu aliniuliza kwa heshima, hata nilipokuwa na kamasi. "Mama, kigoda ni chako. Unasemaje?"

Nikamtazama yule kijana. Nikamuuliza, "Huyo atakayekikalia, ana goti kama langu?"

"Kama lako kabisa, binti," akasema. "Utadhani pacha wako."

Basi nikanyanyuka, akakichukua. Ule utani wake ulimponyoka mdomoni naye akausahau. Mimi nilikwenda nao nyumbani.

Alirudi mvua zilipoanza. Wamekipenda. Wanataka vingi, vyote kama kile.

"Kile ni cha huyu," baba akasema, akanionyesha kwa kisu.

"Basi vyote vya huyu, mzee. Tatizo liko wapi?"

Baba alifikiri sana, nakumbuka alifikiri mpaka chuma chake kikapoa. Halafu akasema, "Sawa. Mama, leta goti."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Kwa kila kigoda aliniita. Hakutumia bua la jana. Niko ziwani naosha vyombo, naitwa. Natoka shule, kabla sijaweka madaftari, naitwa. Nakaa kwenye gogo, nahisi bua linanikwaruza nyuma ya mguu, nasikia linavunjika, na moyoni nasema, huyu ni mwingine. Maana nilikuwa naamini, kama ninavyoamini leo jua litachomoza, kwamba kila kigoda kina msichana wake kule, na msichana huyo ana goti langu. Niliwapa majina. Kulikuwa na mmoja mvivu, baba akiletewa gogo lenye fundo nasema hili ni lake. Kulikuwa na mwingine hana mama. Nikiteleza nikachubuka goti nilikuwa nawahurumia wote.

Vigoda vikaanza kutufanyia mambo. Nilinunuliwa sare na viatu, na michango ya shule, ambayo miaka ile ilikuwa imerudi na kuwarudisha wengi nyumbani, ikalipwa bila mwalimu kunisimamisha. Mama yangu alitaka bati. Usiniambie habari ya saruji, mwanamke wa miaka ile alitaka bati. Likaja la upande mmoja wa nyumba, upande mwingine ukabaki nyasi, ukisubiri oda inayofuata. Mvua ikinyesha, upande mmoja unapiga kelele kama ngoma, na mwingine uko kimya, unavuja taratibu. Mama alikuwa anatoka nje kulitazama lile bati hata kama hana kazi nje. Anasimama, mikono kiunoni, anarudi ndani.

Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya harufu.

"Mzee, wanasema vinanuka," Bwana Sampuli alisema, anaona aibu kidogo.

"Vinanuka nini?"

"Samaki."

"Si ndio hao wanaokula samaki wetu?"

"Wanakula, mzee. Hawataki kumkalia."

Baba alicheka mpaka akaweka tezo chini. Akakubali kuacha mafuta, akapaka rangi ya viatu aliyoletewa, vigoda vikawa vinang'aa kama kiatu cha askari. Nasema hili ili mtu asije akadhani baba yangu alikuwa mkaidi wa kila kitu. Hapana. Alikuwa mkaidi wa jambo moja.

Mwaka ule nilikua. Mnajua wasichana wanavyokua ghafla, unalala na gauni linafika chini, unaamka limepanda. Bwana Sampuli akaja na futi ya kukunja, akapima vigoda vyote vilivyopangwa uani, akajikuna kichwa.

"Mzee, vimeota."

"Vimeota vipi?"

"Vimezidi kile cha kwanza. Na hivi vya mwisho vimezidi hata hivi vya katikati."

"Mtoto anakula," baba akasema, na alisema kwa majivuno.

"Kule hawaelewi hayo. Wanataka kile kile. Awamu iliyopita walinung'unika, hii wataikataa. Nitawabembeleza kwa hivi, lakini vikizidi tena, mzee, wataacha, watachukua kwingine."

"Sasa unataka nimwambie mtoto asikue?"

"Mwambie," akasema, anacheka, anapakia vigoda kwenye pikapu. "Wa kule mbona hawakui."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa mlangoni nimembeba mdogo wangu Maganga, na mimi sikucheka. Kwangu yale maneno yalikuwa habari kamili. Wasichana wa Ulaya hawakui. Ndiyo maana wanataka kile kile. Kosa ni langu, mguu ni wangu, nami ndiye ninayelibomoa bati la mama yangu.

Nikaamua kuacha kukua.

Mtu wa mjini atacheka. Lakini kwetu mimi sikuwa mjinga, nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeona mbuzi aliyefungwa kamba fupi akabaki mdogo, na mahindi yaliyokosa mbolea. Kwa hiyo nikaanza na chakula. Tonge moja langu, tonge mbili za Maganga. Maganga hakuuliza maswali, alifungua mdomo tu, akanenepa mashavu mpaka watu wakawa wanambana wakipita. Wakati wa kulala nilijifunga miguu kwa kipande cha kanga, kutoka kisigino mpaka gotini, kama unavyofunga mzigo wa kuni.

Halafu nikaenda kwa Mama Nyanzala. Huyu alikuwa mwanamke wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mchambua dagaa, mfupi kuliko wanawake wote niliowahi kuona, na mdomo wake mrefu kuliko wa wote. Nikamkuta amekaa na wenzake wanaanika. Nikamwamkia, nikamuuliza moja kwa moja, "Mama, ulifanyaje ukawa mfupi?"

Wenzake waliangua kicheko, mmoja akamwaga ungo.

"Nani kakutuma?" akauliza.

"Sijatumwa. Nataka kujua."

Akanitazama, akaona sichezi. "Ndoo, mwanangu," akasema. "Mama yangu alinitwisha ndoo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Maji asubuhi, maji jioni. Ndoo inakupiga kichwani, inakurudisha chini. Ningekuwa mrefu kama mlingoti, mimi."

"Muongo huyu," mwenzake akasema. "Ukoo wao wote wafupi. Baba yake alikuwa anapanda kigoda kumkaripia mbuzi."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka. Tangu siku ile maji ya nyumbani niliyachota mimi. Nilichota mtungi ukajaa, nikamchotea jirani, nikamchotea mwalimu. Ndoo ya bati imejaa mpaka juu, inanimwagikia shingoni, nami napanda kile kilima kutoka ziwani huku nasikia kabisa mifupa inaingiana. Mama yangu akafurahi. Aliwaambia majirani, "Huyu sasa amepata akili za kike." Mimi nilijiona kama nguzo. Sikuwa na huzuni hata kidogo, msinionee huruma. Njaa ilikuwa inauma, ndiyo, na nikiinama macho yalikuwa yanaingia giza, lakini nilikuwa na kazi yangu katika nyumba ile na nilikuwa naiweza.

Oda ikaja. Magogo yakavuka na pantoni kutoka Geita, yakalundikwa uani. Baba akanoa tezo, akavunja bua mkononi mwake kuona kama limekauka, akaita, "Mama, leta goti."

Nikakaa. Akashika mguu wangu kama siku zote, mkono mmoja kisigino, mmoja nyuma ya goti. Huu wa nyuma ukabaki pale. Ule mkono wa baba ulikuwa na sugu, ulikuwa unajua mti uliooza kwa ndani kabla hajaukata. Ukapanda kidogo juu ya goti, ukashuka kwenye shavu la mguu, ambalo halikuwepo.

"Mbona goti limebaki peke yake?" akauliza.

Nilikuwa naangalia bua. Akalisimamisha, akapima, akavunja. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeyaona mabua mengi ya mguu wangu, nikaona. Lilikuwa refu. Lilikuwa limeizidi awamu iliyopita, na hata mtoto mdogo angeona.

Nikalia. "Nimejitahidi, baba."

"Umejitahidi nini?"

"Nimejitahidi nisikue."

Nikamweleza yote. Ugali wa Maganga, kanga, ndoo, Mama Nyanzala, wasichana wa Ulaya. Nilimweleza mpaka majina yao. Mama yangu alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, akasikia, akakaa chini pale pale kizingitini. Baba hakuniambia mimi ni mjinga. Hakunikumbatia pia, hatukuwa watu wa hivyo. Aliniambia nikalale, mchana ule, na mama akaniletea uji. Baba hakushika tezo mpaka Bwana Sampuli alipokuja, akakuta magogo yako vile vile na gome lake.

"Mzee, vipi, unaumwa?"

"Kaa," baba akasema. Hakumwambia alete goti. "Wewe ni mtu wa watu, niambie. Mwenye goti hili umewahi kumwona?"

Kijana akadhani ni utani, akafungua mdomo kucheka, akaona uso wa mama yangu, akaufunga. Mama akamsimulia kwa kifupi. Bwana Sampuli akanitazama, nimekaa kwenye jua nimejifunika kanga, na jasho likamtoka usoni.

"Mzee," akasema, "hayupo."

"Hayupo nani?"

"Mwenye goti. Hawavikalii. Wanaviweka dirishani, juu yake chungu cha maua. Wengine taa. Kile cha kwanza kililingana na madirisha yao, ndiyo maana wanataka kile kile." Halafu akageuka kwangu. "Nisamehe, binti. Nilikuwa nacheza."

Mimi nilikuwa nawaaga wale wasichana mmoja mmoja, nikianza na yule mvivu.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Basi Baba Maganga, kama ni maua, kazi imekwisha kuwa rahisi. Kata kijiti. Kata kijiti kimoja cha kimo cha kile cha kwanza, weka, tumia hicho. Maua hayakui."

"Kweli kabisa, mama," Bwana Sampuli akasema. "Futi ninayo. Kijiti kimoja tu, mzee, na mtoto ale."

Leo nawaambia, walikuwa wanasema kweli wote wawili. Ni jambo dogo. Mimi mwenyewe karakana yangu pale Mkuyuni, Mwanza, ina mbao za vipimo ukutani, kiti cha hoteli, dawati la shule, kitanda, fundi anachukua kipimo anakata, na hakuna anayeniletea goti. Nimejenga nyumba kwa vipimo hivyo na sioni haya.

Baba alikubali kujaribu. Kijana akapima kwa futi, baba akakata kijiti, akasimamisha gogo, akaweka kijiti ubavuni, akatia alama kwa kisu. Akainua tezo. Tulikuwa tunamtazama. Tezo ikakaa hewani, ikashuka taratibu bila kugusa mti. Akaizungusha mkononi, akatafuta namna nyingine ya kukaa, akainua tena. Alifanya hivyo mchana ule mpaka kivuli cha magogo kikarefuka, na Bwana Sampuli hakumharakisha, hilo nitamshuhudia mpaka kaburini.

"Siwezi," baba akasema mwishowe.

"Huwezi au hutaki?" mama akamuuliza.

Baba akafikiri kwa haki. "Sitaki," akasema.

Kilikuwa kiburi. Watu wakinisimulia habari za mafundi wa zamani na heshima ya kazi huwa nanyamaza, kwa sababu nilikuwepo na nilikiona kwa macho, kilikuwa kiburi tu, nami ninacho, nimekirithi pamoja na jina la mama yake. Mtu aliyemhesabu binti yake kuwa ndiye kipimo cha kazi yake hakuweza kuweka kijiti badala yake. Ungempa dunia, asingeweza.

Bwana Sampuli akaaga bila ugomvi. Oda ilikwenda kwa wachongaji wengine, wakakata kijiti, na nilipokuwa mkubwa nilizipita nyumba zao zina bati pande zote mbili. Magogo yetu baba aliwachongea wanawake wa mwaloni, goti kwa goti, wakamlipa kwa samaki. Michango ya shule haikulipwa tena. Niliishia darasa la nne, nikakaa na baba nikajifunza tezo, na kila nilichonacho nimekipata kwa mikono hii, si kwa cheti. Mama yangu aliikumbusha ile oda kila mvua iliponyesha, miaka mingi, mpaka nilipomwezekea upande ule wa nyasi mimi mwenyewe. Hakuwa na makosa. Yeye ndiye aliyekuwa anakinga ndoo chini ya lile vujo.

Lakini hayo yote yalikuja taratibu. Jioni ile pikapu ilipoondoka, hatukujua bado. Mama alipika kwa hasira, unasikia kwa sufuria. Akasonga ugali mkubwa, akachemsha kichwa cha sangara kwa nyanya na ndimu, akaleta, akakaa. Kichwa cha samaki kwetu ni cha baba. Akakisukuma mbele yangu bila kumtazama baba, na baba akaona ni sawa.

"Kula," mama akasema.

"Na bati?" nikamuuliza.

"Bati litanyeshewa lenyewe. Kula."

Nikavunja shavu la samaki, lile nono, mafuta yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikala. Mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nilikula bila kuwaza mguu wa mtu. Tonge likafuata tonge. Mama akaongeza, nikamaliza, akakwangua ukoko, nikautafuna, baba anatazama, anasogeza tu bakuli la mchuzi karibu yangu kila linaponikaa mbali. Maganga, aliyekuwa amezoea kupokea, alikaa upande wa pili amefungua mdomo, anasubiri. Akasubiri. Alipoona mkono wangu hauji kwake, na sinia linabaki tupu, akaanza kulia kwa sauti kubwa.